Kufundisha Mwingiliano wa Valvu na Uchaguzi wa Kamshafti

Kwa muda mrefu nilifundisha injini ya mapigo manne kwa kuchora masanduku manne ubaoni: kuvuta, kukandamiza, kulipua na kutoa moshi. Wanachuo walikariri bila taabu. Siku moja nilipotaja kwamba mwishoni mwa pigo la nne valvu zote mbili huwa wazi kwa pamoja, mwanachuo mmoja aliuliza: “Mwalimu, moshi hautarudi ndani?” Swali lilikuwa la haki, na masanduku yangu hayakuwa na jibu. Makala haya yanaeleza njia niliyoifuata baadaye.

Zana. Kila wanachuo wawili wakate duara la kadi, waligawe nyuzi 360, na kuweka mshale katikati kuwa krenki. Sehemu ya juu ya duara ni kikomo cha juu cha pistoni. Katika injini yetu ya mfano, valvu ya kuingiza hufunguka nyuzi 10 kabla ya kikomo hicho, na valvu ya kutoa moshi hufungwa nyuzi 10 baada yake. Wapake kila valvu rangi yake. Mahali rangi mbili zinapolaliana pana nyuzi 20. Huo ndio mwingiliano. Kisha wachore kamshafti ya mwendo wa kasi, yenye nyuzi 30 kila upande. Mwingiliano sasa ni nyuzi 60.

Hesabu. Nyuzi 60 ni sehemu ya sita ya mzunguko mmoja wa krenki. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu hukaa wazi pamoja kwa 1/600 ya sekunde. Ikizunguka mara 600, hukaa 1/60 ya sekunde, yaani muda mara kumi zaidi. Hapa ndipo jibu la yule mwanachuo lilipo. Katika kasi kubwa, moshi unaotoka kwa nguvu huvuta nyuma yake mchanganyiko mpya wa petroli na hewa, na silinda hujaa vizuri. Katika mwendo wa taratibu, moshi hupata nafasi ya kurudi na kuuchafua mchanganyiko. Injini hutetemeka, hupoteza nguvu na hula petroli nyingi.

Uchaguzi. Baada ya hapo niliwapa wanachuo tatizo la hapa kwetu. Gari dogo la petroli hubeba mboga kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini. Mwenyewe ameyaona magari ya mashindano, naye anataka kamshafti kama yao. Mtamshauri nini? Wengi walijibu upesi: “Afungiwe, apate nguvu.” Niliwataka kwanza waulize: gari lina uzito gani? Barabara ikoje? Injini huzunguka kwa kasi gani muda mwingi wa safari? Milima ya Uluguru hupandwa polepole, kwa gia nzito, na hewa ya juu ni nyepesi. Gari hilo lahitaji nguvu katika mizunguko ya chini, basi mwingiliano mdogo ndio unaolifaa.

Liko pia jambo zito zaidi. Katika magari mengi ya petroli, busta ya breki hutegemea ombwe la injini. Mwingiliano mkubwa hupunguza ombwe hilo, hasa injini inapozunguka taratibu, na dereva hulazimika kukanyaga breki kwa nguvu zaidi. Mteremko wa Uluguru si mahali pa kujifunzia jambo hilo. Aidha, kamshafti inayoinua valvu zaidi au kuziacha wazi kwa muda mrefu yaweza kuzigonganisha na pistoni. Nafasi hiyo lazima ipimwe kabla ya injini kuwashwa.

Ndugu mkufunzi, mwanachuo wetu wa leo ndiye mwalimu wa mafundi wa kesho. Akikariri tu, atamfungia mteja kila anachotamani. Akielewa, atajua pia kumkatalia na kumweleza sababu.

Zoezi: Tafuta muda wa mwingiliano wa nyuzi 20 injini inapozunguka mara 1,000 kwa dakika, kisha ulinganishe na ule wa nyuzi 60.