Jina la Livingstone lilitoka wapi?



Wengi wetu tuliomaliza kisomo tumewahi kupita pale Ujiji penye makumbusho ya Livingstone, penye miembe na jiwe la kumbukumbu. Zamani tulipita tu. Siku hizi tukipita, macho yanasimama kwenye kibao. Tunasoma polepole: Li-ving-sto-ne. Tunajua hadithi yake. Mzungu mzee, mgonjwa, alikuwa Ujiji. Mzungu mwingine, Stanley, akatumwa kumtafuta. Wakakutana chini ya mwembe. Kumbukumbu inataja tarehe 10 Novemba, 1871.

Basi hadithi hiyo leo hatuirudii. Leo tusome jina lenyewe. Lilitoka wapi? Lina maana gani? Na limefikaje kwenye milima, miji na maporomoko ya maji, mahali pengine ambapo mwenye jina hakukanyaga?

Si jiwe

Mtu anayejua Kiingereza kidogo atakwambia kwamba jina hili lina maana ya "jiwe linaloishi". Anaona mwanzo wake unafanana na neno la kuishi, na mwisho wake unafanana na neno la jiwe. Amekosea. Ni sawa na mgeni anayefika kwetu na kusema Ujiji ni jiji, yaani mji mkubwa. Sisi tunajua kwamba U- ni nchi. Uha ni nchi ya Waha. Uvinza ni nchi ya Wavinza. Na Ujiji ni nchi ya Wajiji.

Sasa twende Uskoti. Hiyo ni nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Uingereza. Huko, karibu miaka 900 iliyopita, wakati wa Mfalme David wa Kwanza aliyetawala kutoka mwaka 1124 hadi 1153, alikuwako mwenye ardhi aliyeitwa Leving. Watu wakaziita ardhi na makazi yake kwa jina lake. Katika lugha yao ya zamani, "tun" lilikuwa neno la shamba lenye makazi. Levings-tun, makazi ya Leving. Hata sisi tuna desturi hiyo. Mtu akisafiri, ukimwuliza anakwenda wapi, atasema "nakwenda kwa Mzee fulani". Mzee huyo anakufa, watoto wanahama, lakini mahali panabaki na jina lake. Mkoani Dodoma kuna mahali panaitwa Kwamtoro. Basi Livingston nayo ni "Kwa-Leving".

Mji huo upo mpaka leo, katika eneo liitwalo West Lothian. Watu waliotoka huko wakaitwa kwa jina la kwao, na baadaye likawa jina la ukoo. Kwa hiyo mtu alilipa shamba jina, kisha shamba likawapa watu jina. Kumbuka jambo hili, maana litajirudia.

Lakini je, huyu Livingstone wa Ujiji alikuwa wa ukoo wa Leving? Hapa pana mambo. Yeye alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika kijiji cha Blantyre. Babu yake hakuwa mtu wa West Lothian. Alitoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi ya Uskoti. Watu wa huko walisema lugha nyingine kabisa, Kigaeli. Walikuwa na majina yao ya Kigaeli, ambayo kwa watu wa Kiingereza yalikuwa magumu kuyataja na magumu zaidi kuyaandika. Baadhi ya koo za huko zilipoingia kwenye maandishi ya Kiingereza zilipewa jina la Livingstone, au zilijichukulia. Jina moja la Kigaeli linalotajwa kwamba lilifichwa hivyo ni Mac an Leigh, maana yake mwana wa tabibu. Na huyu David, kama mjuavyo, alisomea udaktari. Alifuzu mwaka 1840.

Kwa hiyo jina tunalolisoma Ujiji ni kama kanzu iliyovaliwa juu ya nguo nyingine. Wasomaji wa Kigoma hawatashangaa. Karani akisikia jina la Kiha, mara ngapi ameliandika kwa masikio yake mwenyewe? Ukisema hivi, yeye anaandika vile, na kuanzia siku hiyo wewe ni vile.

Herufi moja tu

Hesabu herufi za jina hili kama lilivyo Ujiji. Ni 11. Ya mwisho ni "e", na kwa Kiingereza haisikiki mdomoni. Ipo kwenye karatasi tu. Sasa, baba yake David, aliyeitwa Neil, aliiacha herufi hiyo. Akawa anaandika Livingston, herufi 10. Mwanawe naye akaandika hivyohivyo kwa miaka mingi. Kisha katika miaka ya 1850, kwa kutaka kwa baba yake, "e" ikarudishwa. Kwa hiyo ukikuta barua zake za zamani hazina "e", usiseme ni mtu mwingine.

Wao waliweza kuiondoa herufi na kuirudisha wapendavyo, wala hakuna aliyewasumbua. Kwetu leo mambo si hivyo. Cheti kinasema Ramadhani, kitambulisho cha Taifa kinasema Ramadhan, kadi ya hospitali imeandika Ramazani. Ni mtu mmoja, lakini mbele ya dirisha la ofisi ni watu watatu, na mzee wa watu anaambiwa aende, arudi kesho. Tumeona mama wa makamo akizungushwa juma zima kwa ajili ya herufi moja. Kabla hujaweka sahihi yako, au kidole chako, soma kwanza jina lako. Ukiona limekosewa, sema papo hapo, karani akiwa bado ana kalamu mkononi. Si utovu wa adabu. Jina ni lako, si lake.

Na tusimsahau David mtoto. Alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba akiwa na miaka 10. Aliingia saa 12 asubuhi, akatoka saa 2 usiku. Kisha alikwenda darasani hadi saa 4 usiku. Hata kiwandani aliweka kitabu juu ya mashine, akawa anachungulia sentensi akipita. Kwa hiyo kisomo cha usiku alikijua.

Jina linasafiri

Alifika Ujiji mara ya kwanza mwezi Machi, 1869. Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani mto Lualaba, ng'ambo ya ziwa letu, ndio unaokwenda kuwa Nile. Haikuwa hivyo. Stanley, baada ya Livingstone kufa, aliufuata Lualaba mpaka akatokea baharini upande wa magharibi, mwaka 1877. Kumbe ulikuwa mto Kongo. Njiani, karibu na mwisho wa mto, alipita maporomoko mengi, akayaita Maporomoko ya Livingstone. Livingstone mwenyewe hakuyaona hata siku moja.

Nchini mwetu iko Milima ya Livingstone, inayosimama kama ukuta juu ya Ziwa Nyasa upande wa kaskazini mashariki. Wakinga na Wapangwa wanaishi juu, na Wakisi, wale wafinyanzi hodari, wako chini ufukoni. Nchini Malawi kuna Livingstonia. Ilikuwa misheni ya Waskoti, ikaanza mwaka 1875 kusini mwa ziwa hilohilo. Malaria iliwaua wengi. Wakahamia Bandawe mwaka 1881, kisha mwaka 1894 wakapanda mlimani Khondowe. Kila walipohama walihama na jina. Tazama mwisho wake, "-ia". Ndiyo "-ia" ya Zambia na ya Tanzania. Inafanya kazi kama U- yetu. Livingstonia ni kama kusema "U-Livingstone".

Nchini Zambia kuna mji wa Livingstone. Ulikuwa makao makuu ya nchi hiyo wakati wa ukoloni, kutoka mwaka 1911 hadi 1935, ndipo Lusaka ikachukua nafasi. Uko karibu na maporomoko makubwa ambayo Livingstone aliyaona mwezi Novemba, 1855, akayaita kwa jina la malkia wake, Victoria. Lakini hayakuwa yanangoja jina. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaounguruma. Angalia neno "mosi" na neno letu "moshi". Ni ndugu kabisa! Leo majina yote mawili yanatumika.

Mti wa Chitambo

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei, 1873, katika kijiji kilichoko Zambia ya leo. Kijiji hicho kiliitwa kwa jina la mkuu wake, Chitambo. Unaona? Mtu ambaye jina lake lina maana ya "Kwa-Leving" alifia kwa Chitambo. Desturi ni ileile, huku na kule.

Wenzake waliokuwa naye, Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti. Mwili waliukausha, wakaubeba mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakafika Februari 1874. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyeitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, alikuwa ametekwa utumwani utotoni, akaokolewa, akasomeshwa India. Yeye ndiye aliyesoma sala ya maziko. Kisha akachukua kisu akachonga kwenye gome la mti jina la Livingstone na tarehe, pamoja na majina ya baadhi ya wenzao.

Tunapenda kukaa kidogo hapa. Kabla ya mnara, kabla ya kibao cha serikali yoyote, jina hilo liliandikwa pale porini na mkono wa Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika. Tena hakuandika la bwana peke yake. Kipande kile cha gome kilikatwa baadaye kikapelekwa London. Lakini mahali hapakugeuka kuwa Livingstone. Hadi leo Zambia wanayo wilaya iitwayo Chitambo.

Majina yaliyoondoka

Si kila jina la mgeni limedumu. Stanley, kwa mfano. Hilo nalo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, akachukua jina la mfanyabiashara mmoja huko Marekani. Mji wa Stanleyville, Kongo, ulirudi kuwa Kisangani mwaka 1966. Mtu wa pili wa mwembe ule ameondolewa, wa kwanza amebaki.

Na ziwa letu je? Ng'ambo, Kalemie iliitwa Albertville wakati wa Wabelgiji, kwa jina la mfalme wao. Kusini mwa ziwa, upande wa Zambia, mji wa Mbala uliitwa Abercorn. Ndipo Wajerumani wa Afrika Mashariki, chini ya von Lettow-Vorbeck, walipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918. Abercorn ni nini? Ni kijiji cha Uskoti, tena katika eneo lilelile la West Lothian kilipo Livingston. Kijiji kilimpa bwana mmoja cheo cha Abercorn. Bwana huyo alikuwa mkubwa wa kampuni iliyotawala nchi ile, basi mji ukaitwa kwa cheo chake. Zambia ilipopata Uhuru mwaka 1964 jina likaondoka. Livingstone likabaki. Sisi tunaona sababu moja ni kwamba Livingstone hakutawala mtu huku, na alisema na kuandika waziwazi juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, biashara ambayo Ujiji ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

Ujiji yenyewe haikubadilishwa jina. Lakini lilisogea. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858, Ujiji lilikuwa jina la nchi. Mji wa ufukoni waliuandika kwa jina la Kawele. Leo tunasema Ujiji tukiwa na maana ya mji, na Kawele waulize wazee. Nani aliamua? Hapakuwa na mkutano. Waliokuwa na kalamu waliandika walivyosikia, na waliofuata wakanakili.

Kazi ya kikundi

1. Mtaa au kitongoji chako kinaitwaje? Jina hilo ni la mtu, la mti, la maji, au la kazi iliyofanyika hapo? Mwulize mzee mmoja au bibi mmoja. Andika maelezo yake kwa maneno yake, pamoja na jina lake na tarehe uliyomwuliza. Mkipata maelezo mawili yasiyolingana, andikeni yote mawili.

2. Toa majina matano ya mahali katika mkoa wetu yanayoanza na U-, Bu- au Kwa-. Yaandike kwenye daftari.

3. Chukua cheti chako cha kisomo, kitambulisho na kadi nyingine uliyonayo. Viweke pamoja mezani. Soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Je, yanafanana?