SOMO: Kuchagua Osiloskopu ya Kwanza kwa Fedha Kidogo



Baadhi ya kamati zenye vikundi vya vijana wanaojifunza elektroniki zimefikia hatua ya kujiuliza: "Tuna fedha kidogo. Je, tununue osiloskopu ya namna gani?" Swali hili lisijibiwe kwa haraka. Fedha hiyo imetoka mifukoni mwa watu waliojinyima. Kifaa kikichaguliwa vibaya kitaishia kabatini, na kikitumiwa vibaya kinaweza kumdhuru kijana wetu. Tunaomba kamati zisome somo hili pamoja na mwalimu wa kikundi.

1. Osiloskopu hufanya kazi gani?

Chukua mfano wa redio inayovuma. Fundi anapima pawa saplai kwa multimita, anaona volti 12, anasema umeme hauna tatizo. Lakini multimita imempa wastani tu. Osiloskopu huchora jinsi volti zinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda: volti husomwa kutoka chini kwenda juu, na muda kutoka kushoto kwenda kulia. Fundi yule yule akitazama kwenye kioo, ataona volti zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, yaani mara mbili ya hezi 50 za umeme wa gridi. Hapo atatambua kwamba kapasita ya kuchuja umeme imechoka. Atabadilisha kapasita moja, na mvumo utakwisha.

Ni vema kutambua kwamba osiloskopu si kifaa cha kwanza kununuliwa. Kikundi kiwe kwanza na multimita nzuri, chuma cha kulehemu na pawa saplai salama.

2. Mambo manne ya kuangalia

(a) Upana wa masafa. Osiloskopu ya megahezi 50 ikipewa wimbi la megahezi 50, hulionyesha kwa asilimia 70 tu ya kimo chake halisi. Kwa hiyo mafundi hutafuta upana ulio mara tano ya wimbi wanalotaka kulipima. Sauti inayosikika na binadamu haizidi kilohezi 20. Kwa redio, vipaza sauti na vidhibiti vidogo kama Arduino, megahezi 50 hadi 100 zinamtosha mwanafunzi.

(b) Kasi ya kuchukua sampuli. Iwe walau mara tano ya upana wa masafa. Uliza pia kasi inayobaki chaneli zote zikiwa zimewashwa, kwa kuwa chaneli hugawana. Rigol DS1054Z, kwa mfano, huchukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde kwa chaneli moja, lakini zikiwashwa zote nne kila moja hupata milioni 250.

(c) Chaneli. Mbili ni kiwango cha chini. Ukiwa nazo unaweza kulinganisha kinachoingia katika amplifaya na kinachotoka, ukajua kosa liko wapi.

(d) Probu. Hizi ni nyaya za kupimia. Hakikisha zimo, ni nzima, na zina swichi ya X1 na X10. Zikiwekwa kwenye X1, probu nyingi hupunguza upana wa masafa hadi megahezi chache tu. Kwa hiyo kipimo cha kawaida ni X10.

3. Njia tatu za kupata kifaa

Ya kwanza ni kifaa kidogo cha kuunganisha wenyewe, kama DSO138. Kina chaneli moja na upana wa kilohezi 200, na hakipaswi kupewa zaidi ya volti 50. Kinafundisha kulehemu na kinatosha kwa sauti, lakini kikundi kitakipita mapema.

Ya pili ni osiloskopu ya zamani yenye kioo cha tyubu, kama Tektronix 465 ya megahezi 100 iliyotengenezwa miaka ya 1970. Ikiwa nzima, inafaa sana. Lakini ndani yake mna maelfu ya volti, na umeme huo hubaki hata baada ya kuzimwa. Niliwahi kuona moja iliyotolewa kama zawadi ikikaa miaka miwili juu ya rafu, kwa sababu ilifika bila probu. Wafadhili wapendwa, kabla ya kutuma kifaa cha zamani, tafadhali kiwasheni na mhakikishe kina probu.

Ya tatu ni osiloskopu mpya ya kidijitali ya kuweka mezani. Rigol DHO804, iliyotoka mwaka 2023, ina chaneli nne na megahezi 70, na husoma volti kwa biti 12, yaani ngazi 4,096. Zilizotangulia za bei ndogo zilikuwa na biti 8, ambazo ni ngazi 256 tu. Kwa kikundi chenye wanafunzi wengi, njia hii ndiyo tunayoipendekeza. Wahenga walisema: rahisi ghali.

4. Usalama

Sehemu hii isomwe kwa sauti mbele ya vijana. Klipu ya probu imeungwa na waya wa ethi wa osiloskopu. Ukiibana kwenye upande wa pawa saplai uliounganika moja kwa moja na umeme wa ukutani, unafanya shoti, na kifaa chaweza kuungua mkononi. Upande huo huweza kufikia volti 325. Wengine hukata waya wa ethi ili kuepuka shoti. Jambo hili ni hatari kubwa, maana bodi ya osiloskopu yenyewe inaweza kubeba umeme wa kuua. Anayeanza apime saketi za betri, au zenye volti ndogo zilizotenganishwa na umeme wa ukutani kwa transfoma.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Vijana wetu wanatengeneza nini hasa, na mawimbi yake ni ya masafa gani?
2. Nani atafundisha kifaa hiki, na nani atashika ufunguo wa kabati?
3. Je, soketi zetu zina ethi inayofanya kazi? Ikiwa hazina, fedha ianzie hapo.

Tunawatakia majadiliano mema.