MAJI YA KIWANDA NA SHERIA YA MTO

Mkulima, wakati wa mavuno ya kahawa huenda umeona mto ulio chini ya kiwanda ukigeuka rangi na kunuka. Ng'ombe huyakataa maji, na samaki huelea wamekufa. Wengine hudhani kwamba kahawa ina sumu. Sababu yenyewe ni hii.

Tunda la kahawa lina sukari. Linapomenywa na kuoshwa, sukari na utelezi huingia majini. Maji hayo yakifika mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huila sukari hiyo, huongezeka upesi, na huimaliza hewa iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi. Maji machafu ya vyoo vya mji hufanya vivyo hivyo, tena huleta magonjwa ya kuhara.

Kipimo chake
Hupimwa hewa inayotumiwa na vijidudu kwa siku 5, katika joto la digrii 20. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka mpaka wa miligramu 30 kwa kila lita ya maji yanayoachwa mtoni. Maji ya kumenyea kahawa yasiyosafishwa huweza kupita 1,000.

Wajibu wa wanachama
Kiwanda cha ushirika ni chenu. Kikitozwa faini, fedha hutoka katika malipo yenu. Basi ulizeni katika mkutano:

1. Je, maji ya kumenyea hutumiwa tena kabla ya kumwagwa?
2. Je, mashimo ya maji machafu yako mbali na mto na visima?
3. Je, maganda hufanywa mboji?

Kuyazidisha kwa maji safi ya mto si dawa. Uchafu unabaki ule ule.

Ukidhurika
Andika siku, saa, rangi na harufu. Mwarifu chifu na ofisi ya NEMA ya kaunti siku hiyo hiyo, maana uchafu hupita na maji. Mwombe mkaguzi achukue maji juu ya mfereji wa kiwanda na chini yake. Tofauti ndiyo ushahidi. Kwa kifungu cha 70 cha Katiba ya mwaka 2010, mtu yeyote aweza kwenda kortini kuyatetea mazingira, hata bila kuonyesha hasara yake mwenyewe.

Maswali
1. Kwa nini samaki hufa ingawa kahawa si sumu?
2. Kwa nini maji huchukuliwa mahali pawili?