Ndoo Tatu za Mchicha na Dakika 20 za Faragha

Kaa peke yako barazani, bila simu wala mtu wa kuzungumza naye. Hazipiti dakika tano utaulizwa, "Vipi, unaumwa?" Ukijibu kwamba huumwi, linafuata la pili: "Umegombana na nani?" Lakini mtu aliyeinamia mimea na kopo la maji mkononi hakuna anayemsumbua. Ataambiwa "pole na kazi," basi, kila mtu anaendelea na lake. Kwa hiyo kama unaishi nyumba ya kupanga yenye familia sita na bomba moja, na unatafuta pa kupumzisha akili, ushauri wangu ni huu: panda mchicha.

Huenda ukaona tayari una upweke wa kutosha, wa nini kuutafuta mwingine? Upweke na faragha ni vitu viwili. Upweke hukupata usipoutaka, hata katikati ya watu. Faragha unaichagua mwenyewe, na unaweza kuondoka humo wakati wowote.

Shamba huhitaji. Ndoo tatu za lita 20, hata zilizopasuka mdomo, zinatosha, na salfeti la mchele nalo linafaa. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari uliopashwa moto, maana maji yakituama mizizi huoza. Changanya udongo sehemu mbili na samadi sehemu moja, yaani kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kuku kilichokwisha kuoza. Samadi nzuri ni nyeusi, inamomonyoka mkononi na hainuki tena. Usikubali kuuziwa mbichi. Ina joto na itaunguza mizizi michanga.

Gharama? Mimi nilianza kwa kiasi kisichofika shilingi 10,000 za Tanzania: pakiti ya mbegu za mchicha kutoka duka la pembejeo, kiroba kimoja cha samadi, na kopo la plastiki nililotoboa kifuniko. Ndoo nilikuwa nazo. Bei hutofautiana mahali na mahali, lakini ukisikia mtu anakutajia laki kwa "bustani ya kisasa" ya ndoo tatu, muage kwa heshima.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, nyeusi, zinang'aa kama vichwa vya sindano. Ukizimwaga hivi hivi zitaanguka rundo moja. Zichanganye na konzi ya mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo uliolowa, kisha zifunike kwa udongo mwembamba sana. Baada ya siku chache, ukiinama asubuhi, utaona viuzi vyekundu vinasukuma udongo, kila kimoja na vijani viwili visivyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimechuchumaa robo saa nzima bila kukumbuka kodi ya nyumba.

Ratiba ni fupi. Mwagilia asubuhi kabla jua halijawa kali, na jioni linapopoa. Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kuiacha simu ndani. Mwagilia polepole, ng'oa magugu kwa vidole, geuza majani uangalie wadudu kwa chini. Kazi hizi ndogo zinashughulisha mikono na macho, na mawazo hayapati nafasi ya kuzunguka palepale. Jaribu dakika 20 kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki mahali penye mimea na hewa ya wazi walielekea zaidi kusema wana afya nzuri na wanaridhika na maisha. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyowaponya. Pengine wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Tena haukuhesabu muda wa kwenye bustani ya nyumbani. Hata hivyo, ukizidisha dakika 20 kwa siku saba, umepata zaidi ya dakika 120 za utulivu bila nauli.

Tahadhari ni chache. Usiweke visahani vya maji chini ya ndoo, kwani mbu wanaoeneza dengi huzaliana humo. Kama vipo, vimwage kila siku. Vaa viatu, nawa mikono kwa sabuni, na kama umejikata kwenye udongo au samadi nenda zahanati ukaulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa wakazi wa Dar es Salaam wanaotegemea visima: onja maji kwanza. Yakiwa na chumvi nyingi, ncha za majani hukauka, hivyo kinga maji ya mvua.

Na asiye na hata kibaraza? Katikati ya Dar es Salaam, karibu na Makumbusho ya Taifa, kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ni ndogo, lakini ina miti mikubwa kuliko matatizo ya wengi wetu. Nairobi kuna Arboretum, iliyoanza mwaka 1907, na msitu wa Karura, ambao mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiuzuia usigawiwe wajenzi. Kwenye misitu ulizia ada ya kuingia kabla hujatoka nyumbani.

Niseme pia mchicha usichoweza. Ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kukata tamaa kumedumu zaidi ya wiki mbili, au unafikiria kujidhuru, nenda kituo cha afya na umweleze daktari waziwazi. Ndoo zitakusubiri.

Baada ya wiki tatu au nne mchicha uko tayari. Ukate juu ya vifundo vya chini, usiung'oe, nao utachipua tena. Fungu la kwanza usiliuze wala usilipike peke yako: mpelekee jirani wa mlango unaofuata. Ndiye utakayemwomba akumwagilie utakaposafiri.