Kioo cheusi baada ya kusasisha Ubuntu

Swali: Nimesasisha Ubuntu kwenye kompyuta yangu. Sasa nikiingiza nywila, kioo kinabaki cheusi. Nifute kila kitu? (Msomaji, Visiga, Kibaha)

Jibu: Usifute. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiweza kuingia kwa maandishi, mfumo uko hai. Kilichoanguka ni sehemu ya madirisha tu. Kama umeme ulikatika katikati ya kusasisha, huenda vifurushi vimebaki nusunusu: andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Utasema kufuta na kusakinisha upya ni haraka zaidi. Labda, ila bando litaliwa gigabaiti kadhaa, na kasoro ikiwa kwenye mipangilio iliyo ndani ya folda yako binafsi, ukiirudisha folda hiyo, kasoro nayo inarudi. Ili kujua kama ndivyo, jaribu kuingia kwa akaunti mpya ya mtumiaji. Ikifunguka vizuri, kosa ni la mipangilio yako, si la Ubuntu.