Sarufi ya Marejeo: Mifano kutoka Mwambao wa Ziwa Mweru

Mwanachuo anayeandaa mswada wa kupeleka katika jarida la kitaaluma hukabidhiwa mwongozo wa marejeo: wapi pawekwe nukta, wapi mabano, kipi kiandikwe kwa italiki. Mambo hayo hujifunzwa kwa siku moja, na kila jarida lina utaratibu wake. Usibishane nao, ufuate. Somo hili linahusu jambo ambalo mwongozo haulifundishi, nalo ni sarufi ya sentensi inayobeba rejeo. Katika Kiswahili, kiambishi cha njeo, kiambishi cha nafsi, hata neno dogo kama «na», huweza kumpokonya mtu kauli yake na kumpa mwingine.

Mifano yetu inatoka mwambao wa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, na katika nchi ya Mwata Kazembe iliyo kusini yake. Tumeichagua kwa sababu vyanzo vingi vikuu vya historia ya eneo hilo vimepitia mikono miwili au zaidi. David Livingstone alilifikia ziwa hilo Novemba 1867. Shajara zake zilihaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufariki. Gamitto, Mreno aliyefika kwa Kazembe mwaka 1831, alichapisha kitabu chake Lisbon mwaka 1854, lakini wengi wanakisoma katika tafsiri ya Ian Cunnison ya mwaka 1960. Cunnison huyo huyo alitafsiri, mwaka 1961, historia ya Walunda iliyotolewa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina la Mwata Kazembe wa Kumi na Nne, ambayo jina lake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, lina maana ya «Mababu Zangu na Watu Wangu». Naye Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia kwa Kiswahili vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Matini hayo yalichapishwa kwanza na Heinrich Brode pamoja na tafsiri ya Kijerumani, kisha na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, 1958 na 1959. Jarida hilo ndilo mzazi wa Kiswahili, linalotolewa leo na TATAKI.

Njeo

Tazama sentensi hii:

(1) Livingstone (1874) aliliona Ziwa Mweru akitokea kaskazini.

Upatanisho wa kisarufi umekamilika: kiambishi -li- cha yambwa kinakubaliana na «ziwa», na kitenzi «akitokea» kimefuata kanuni. Hata hivyo, msomaji asiye na habari ataelewa kwamba Livingstone aliliona ziwa mwaka 1874, wakati alikuwa kaburini. Chanzo cha kosa ni kwamba njeo ya tukio imeambatishwa na mwaka wa kitabu. Njeo ya -li- ni ya tendo lililotendeka. Mwaka ulio ndani ya mabano ni wa maandishi. Vitenganishwe:

(2) Livingstone aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867, kama zinavyoeleza shajara zake zilizohaririwa na Waller (1874).

Kwa upande mwingine, maandishi hayafi. Kwa hiyo kitenzi kinachotambulisha kauli ya mwandishi huwekwa katika njeo ya -na-, hata kama mwandishi amekwisha kufa: «Gamitto anaeleza», «Hamed anasimulia». Wako wanaopendelea «ameeleza», na si kosa. Kosa ni kuruka kutoka njeo moja hadi nyingine katika aya moja bila sababu.

«Na» ya mtenda na «na» ya kuunganisha

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu Kiswahili kinatumia neno moja kwa kazi mbili. Soma:

(3) Kitabu hiki kimeandikwa na Hamed bin Muhammed na Whiteley.

«Na» ya kwanza ni ya mtenda, inayofuata kitenzi cha kauli ya kutendwa. Ya pili inaunganisha nomino mbili, na hivyo inamfanya mtafsiri kuwa mwandishi mwenza. Ukipunguza zaidi ukaandika «Whiteley (1966) anasimulia vita vya Itabwa», umemfuta kabisa mtu aliyepigana vita hivyo na kuvisimulia kwa lugha tunayoifundisha. Rejeo la namna hiyo hukutwa mara nyingi katika makala za Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili hana udhuru wa kulirudia. Dawa ni kumpa kila mtenda kitenzi chake:

(4) Kitabu hiki kimeandikwa na Hamed bin Muhammed na kutafsiriwa na Whiteley.

Katika orodha ya marejeo kazi hiyo hufanywa na vifupisho: (mtaf.) kwa mtafsiri, (mh.) kwa mhariri, (wah.) kwa wahariri. Ikiwa hukukiona chanzo chenyewe, tumia kitenzi cha kutendwa chenye -ki-: «Gamitto, akinukuliwa na Cunnison…». Aidha, «Tippu Tip» ni lakabu, haigawanyiki kuwa «Tip, T.», na «bin» si jina la kati la kufupishwa kwa herufi B. «Mwata» nacho ni cheo.

Waandishi wengi

Nchelenge inajulikana pia katika majarida ya sayansi kwa utafiti wa malaria na wa mbu aina ya Anopheles funestus. Makala za aina hiyo huwa na waandishi wengi, nasi humtaja wa kwanza tukaongeza «na wenzake». Kiima kimekuwa cha wingi, basi kitenzi kiwe «wanaonyesha», si «anaonyesha». Ukiandika «makala», chagua «makala hii inaonyesha» au «makala haya yanaonyesha». Matumizi yote mawili yapo, lakini yasichanganywe katika mswada mmoja.

Uzito wa kitenzi

«Anasema» halina upande. «Anadai» linatia shaka, «anathibitisha» linatoa hukumu. Hamed anasimulia vita alivyoshinda mwenyewe. «Anathibitisha» lingempa mshindi kazi ya hakimu. Livingstone naye anavitaja vita hivyo, kwa kuwa vilimchelewesha safarini. Vyanzo hivyo viwili vikikubaliana, hapo mtafiti anaweza kusema jambo limethibitika.

Masimulizi ya mdomo

Katika wilaya hiyo yako makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018, na Kiswahili cha Kongo husikika humo. Msimulizi akisema «batoto», mtafiti aandike «batoto» ndani ya alama za nukuu, na «watoto» katika maelezo yake mwenyewe. Ni kanuni ile ile inayotufanya tuache «Moero» na «Cazembe» katika nukuu za zamani huku sisi tukiandika Mweru na Kazembe. Kusanifisha maneno ya msimulizi kimyakimya ni kumtungia kauli. Jina lake litajwe kwa idhini yake tu.

Zoezi

Sentensi zifuatazo zimetoka katika mswada wa kubuni. Eleza ni nani amepokonywa kauli katika kila moja, taja kipashio cha kisarufi kilichosababisha hivyo, kisha iandike upya.

(a) Waller (1874) anasema alikuwa mgonjwa alipofika kwa Kazembe.

(b) Historia hiyo imeandikwa na Mwata Kazembe wa Kumi na Nne na Cunnison.

(c) Cunnison (1961) anasimulia asili ya mababu zake na watu wake.