Siku Nane za Tomaso

Somo la wiki. Soma Yohana 20:24-29 na Marko 9:14-29.

Wiki hii naanza kwa kuungama, na kosa ni langu mimi, si la kanisa.

Mwaka jana mama mmoja wa hapa kwetu alinipigia simu Jumamosi usiku. "Pasta, huyu kijana wangu amesoma mpaka sasa anasema hakuna Mungu. Kesho namleta. Msimwachilie." Kweli hatukumwachilia. Baada ya mahubiri nilimwita mbele kwa jina, maikrofoni ikiwa mkononi. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba, wazee wakamzunguka. Nikamwambia afuatishe sala ya toba, naye akaifuatisha neno kwa neno, macho wazi, akimtazama mama yake. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi mwenyewe niliandika jina lake kwenye kitabu cha waliookoka. Hakurudi tena. Miezi kadhaa baadaye mama aliniambia kwamba nyumbani siku hizi wanakula bila kuongea.

Nilisomea biashara, na jambo moja ambalo mwalimu wetu hakuchoka kulirudia ni kwamba hundi si pesa mpaka benki iipitishe. Ukiiandika leo kama mapato, kesho ikirudi utajua ulikuwa unajidanganya. Siku ile niliandika hundi kwenye kitabu nikaiita pesa. Tena niliiandika mimi, kwa jina la mtu mwingine!

Sasa tumwangalie Tomaso. Huwa tunamhubiri kama mfano mbaya, mpaka jina lake limekuwa tusi. Lakini soma pole pole. Jioni ile ya kwanza Bwana alipotokea, Tomaso hakuwepo. Wenzake kumi walimwambia wamemwona Bwana. Akawajibu waziwazi kwamba asipoona alama za misumari na kutia mkono ubavuni, hataamini. Hakusema amina ili wafurahi. Kisha aya ya 26 inasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwa ndani tena, milango imefungwa, na Tomaso alikuwa pamoja nao.

Hapo ndipo nimekaa wiki nzima. Siku nane! Watu kumi wamemwona Yesu aliyefufuka, na mmoja anasema simkubali huyo mnayemsema, na bado wanakaa nyumba moja. Milango ilifungwa kwa kuwaogopa watu wa nje, na Tomaso hakuwa nje. Andiko halituambii kwamba walimwekea mkono au walimkemea pepo wa mashaka. Bwana alipokuja alimkuta ndani, akamwonyesha yale yale aliyotaka kuona. Kama wangemfukuza siku ya tatu, sijui angekutwa wapi.

Yule baba wa Marko 9 naye alisema yote mawili kwa pumzi moja, kwamba anaamini na kwamba asaidiwe kutoamini kwake. Yesu hakumwambia aende kwanza akamalize nusu ya pili. Mtoto aliponywa siku hiyo hiyo.

Wapendwa, watu wa namna hii si wachache, na hawako Nairobi peke yake. Katika sensa ya 2019, Wakenya 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini. Hao ni wale waliothubutu kumwambia karani wa sensa. Wenye kunyamaza viti vya nyuma, sijui nani atawahesabu. Chama cha Atheists in Kenya kiliandikishwa Februari 2016, na mwaka huo huo usajili wake ukasimamishwa baada ya watu wa dini kulalamika. Wengi wetu tulifurahi. Mimi nilifurahi. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 32, inayotupa sisi ruhusa ya kuhubiri sokoni na spika, ndiyo hiyo hiyo inayosema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake.

Mei 2021 katibu wa chama hicho, Seth Mahiga, alijiuzulu kwa sababu alikuwa amempata Yesu Kristo. Habari hiyo ilihubiriwa sana, na ni habari njema. Nimekuja kugundua sehemu tuliyoiruka. Chama chenyewe ndicho kilichotangaza, kikamshukuru kwa kazi aliyofanya na kumtakia heri katika uhusiano wake mpya na Kristo. Hebu jiulize, mzee wa kanisa akituacha leo akaenda kwao, sisi tutamwandikia barua gani?

Na sisi watu wa Mwea tuna sababu zaidi ya kuelewa jambo hili. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, mashamba haya ya mpunga na mifereji yake vilianza kwa kazi ya mikono ya wafungwa. Majina ya kambi tunayajua, maana bado tunaishi ndani yake: Thiba, Kandongu, Gathigiriri, Karaba. Mwaka 1957 katika kambi hizo za Mwea watu walipigwa mpaka wakiri kiapo walichokula. Upande wa pili, ahonoki, watu wa uamsho, walikataa kiapo chenyewe kwa sababu walikuwa wamesafishwa kwa damu ya Kristo, na wengine waliuawa kwa kukataa. Sisi tuliookoka tunajivunia hao wa pili, na ni haki yetu. Walikataa kusema kwa mdomo kile ambacho moyo haukuwa nacho. Sasa mimi, mjukuu wao kiroho, ninasimama madhabahuni na kumbana kijana mpaka aseme kwa mdomo kile ambacho moyo wake hauna, halafu naita huo ushindi?

Mwezi uliopita nilimtafuta. (Ameniruhusu kuandika haya, mradi nisimtaje jina wala mtaa.) Tulikutana katika hoteli moja karibu na steji, tukaagiza chai na chapati. Akaniambia, "Pasta, yale maneno niliyasema kwa sababu ya mama. Amepanda mpunga miaka yote nikisoma. Ningemwaibisha mbele ya watu wake?"

Kisha akaniuliza kuhusu Shakahola, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. "Wale imani yao ilikuwa kali kuliko yako. Unajuaje kwamba yako ni tofauti?" Nikamjibu vizuri, nilidhani. Nikamtajia watu wa Beroya katika Matendo 17, waliochunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ya Paulo ni kweli. Akatabasamu. "Kwa hivyo kuuliza kunaruhusiwa. Mbona mimi nilipouliza mliniita mbele?"

Ndipo akasema lililo chini ya yote. Mtu wa karibu naye aliugua. Tulikesha, tulifunga, na mmoja wetu akatoa unabii kwamba mgonjwa hatakufa. Akafa. Tulizika, tukaimba, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia kijana kwamba tulisema neno ambalo Mungu hakulisema. Chai yangu ilipoa hapo. Sikuwa na andiko. Nilimwomba msamaha kwa ule unabii, halafu kwa ile Jumapili, na jina lake nimelitoa kwenye kitabu.

Hajaokoka, wala nisiwadanganye kwamba yuko karibu. Aliniambia bado haamini. Lakini miguu ya mama inamsumbua siku hizi, na boda boda ni shida wakati wa mvua, kwa hivyo atakuwa akimleta mwenyewe. Nilimwambia hana haja ya kungoja nje.

Mashemasi, akiingia mwonyesheni kiti kama mgeni yeyote, hata kama atataka cha nyuma kabisa. Na tukisimama kwa maombi, yeye akibaki ameketi, tafadhali msimguse bega.